Kamongo wa Mama Apondi

“—kamongo! Kamongo ameenda wapi? Mzee Mahmud, rudisha nyuma! Rudisha! Hapo, hapo, simamisha! Uuui, aki ya Mungu, hapa hakuna kamongo!”

Mzee Mahmud aliruka kwa kiti utadhani nimemwagia maji ya moto. Binti yake Shamima, aliyekuwa ameinama akifunga deki ya pili ya video na waya, aligonga kichwa kwa meza na kusema neno ambalo babake alijifanya hajalisikia.

“Kamongo yupi, mwanangu?” Mzee akauliza. “Tunatafuta mwizi, wewe watafuta samaki?”

“Mzee, hebu angalia TV zote mbili. Usiniangalie mimi.”

Tulikuwa chumba cha nyuma cha duka lake la video pale Migori mjini, TV mbili mezani kama mashahidi wawili wanaosubiri kuulizwa. Ya kushoto ilikuwa na kaseti halali, ile tuliyompa sisi wenyewe. Ya kulia ilikuwa na kaseti feki niliyoitoa Masara siku iliyotangulia, kwa wachimba dhahabu. Filamu ni ile ile. Kama ulikuwa na macho miaka ya sabini na jirani mwenye TV, unaijua: Jirani wa Mama Apondi. Yule mama mnene wa Homa Bay anayejua siri za mtaa wote na mwanawe asiyedumu kwa kazi. Watu wa huku wameikariri kama maombi. Stesheni ya TV ilikuwa karibu kuitupa, lakini Mzee Oyaro, aliyeipiga picha, akazibeba reli zote za filamu nyumbani akazilaza chini ya kitanda miaka na miaka. Sasa kampuni yetu ndogo ya Kisumu imezitia kwa kaseti, mpya kabisa, na sherehe ya kuizindua ni Jumapili ukumbini Homa Bay.

Mimi ndiye mpelelezi wa kampuni. Joyline Mokeira, diploma bado inanuka wino. Kazi yangu ni kufukuza kaseti feki, na hii feki ilikuwa imeingia sokoni kabla ya ile halali hata kutoka!

Kaseti za mapema zilikuwa mbili tu kwa mawakala. Moja kwa Mahmud hapa Migori, moja kwa Bwana Bichage kule Homa Bay. Bichage ndiye aliyetupigia simu kwanza, sauti ya huzuni kabisa, akasema, “Tafuteni yule anayeficha busu.” Kwa sababu ndani ya hiyo feki, busu la sehemu ya nne halipo. Na Migori nzima inajua nani anaficha busu. Mzee Mahmud ana ukumbi wa video kando ya duka, na wahusika wakianza kusogeleana midomo yeye husimama na kikoi chake cha Mombasa, anakitandaza mbele ya TV mpaka mambo yaishe. Vijana hupiga kelele, “Kikoi! Kikoi!” Naye huwajibu, “Subirini mkaoe.”

Kwa hivyo Oyaro akaamua. Jumapili, mbele ya watu wote, atasimama amtaje Mahmud kuwa mwizi. Jumatatu Mahmud aende kituo cha polisi. Mtu aliyekaa Migori tangu Shamima akiwa mgongoni, hajawahi kuuza kaseti mbovu, atoke kwa ukumbi akizomewa. Hiyo ndiyo ilikuwa mbele yetu, na leo ilikuwa Ijumaa.

“Haya,” nikasema. “Shamima, cheza ya kushoto.”

Akacheza. Mwanawe Mama Apondi anaingia jikoni, kazi imepotea tena, machozi yanamtoka. Mama hamuulizi kitu. Anafunua kifuniko cha sufuria, anatoa kipande cha kamongo kikubwa kama kiatu, anamimina chai ya rangi nyeusi tititi, halafu anasema yale maneno. Sote watatu tukayasema naye, hatukuweza kujizuia:

“Kula kwanza, utalia baadaye!”

“Sasa ya kulia.”

Mwana anaingia akilia. Mkono wa Mama unafunua kifuniko nusu. Mstari mweupe unakatiza TV mshazari, trrp, na tunamwona mbwa mlangoni anajilamba. Hakuna kamongo. Hakuna chai. Hakuna “kula kwanza”.

“Jana kule Masara,” nikawaambia, “wachimba dhahabu walivunja mabenchi. Kuna mmoja, Makori, amejaa vumbi mpaka kope, akanishika mkono akanililia: ‘Madam, tumelipa tusikie kula kwanza, na kula kwanza haiko! Hii ni unyama!’ Mimi nikafikiri kaseti imekwaruzika. Nikaandika busu, samaki nikamwacha. Mjinga mimi!”

“Busu lakatwa, naelewa,” Shamima akasema polepole. “Samaki akatwe kwa nini?”

“Ndiyo swali. Mzee Mahmud, wewe unakula kamongo?”

Mzee akakunja uso. “Sura yake hainipendezi. Aonekana kama mtu aliyekopa akakataa kulipa. Lakini samaki wa majini kwangu ni halali, na nimemla.”

“Na chai?”

“Chai!” Akashika kifua. “Mtu wa Mombasa akate chai? Bora anikate mkono huu!”

“Tena sauti,” Shamima akadakia, macho yanawaka. “Baba akiweka kikoi, sauti inaendelea. Ndiyo maana wale vijana hucheka. Hapa sauti imeenda na picha. Huyu hakufunika. Huyu alikuwa anakopi kutoka deki moja kwenda nyingine, akifika pabaya anasimamisha.”

“Umesema!” Nikampiga bega mpaka akayumba. “Kwa hivyo nani anaona pabaya kwa busu, na kwa kamongo, na kwa chai, yote pamoja?”

Wakatazamana. Lakini mimi nilikuwa nimeshajua, jamani, nilikuwa nimejua tangu nilipopiga kelele. Mimi nimelelewa nyumba ya Wasabato huko Kisii. Kwetu kamongo hakuvuka hata kizingiti, wala mumi, kwa sababu samaki asiye na magamba ya kuonekana ni najisi kwa Maandiko. Chai ya majani hatukuijua. Tulikunywa soya, asubuhi soya, mgeni akija soya. Mamangu angeona ile sahani ya Mama Apondi angezima TV kabla ya kuzima moto.

“Bichage ni mzee wa kanisa,” nikasema. “Msabato.”

Shamima akaanza kurukaruka. Babake akamtuliza kwa mkono, akanitazama kwa macho mazito.

“Mwanangu, taratibu. Kesho wasije wakasema dini fulani imeiba, kama walivyosema juu yangu. Dini haiibi. Huiba mtu.”

“Ndiyo, Mzee.”

“Na samaki si ushahidi. Nenda ukatafute mkono ulioshika kitufe.”

Mchana nilikuwa Homa Bay. Sikwenda dukani kwa Bichage. Nilijua Ijumaa, siku ya maandalizi ya Sabato, Msabato yuko dukani akiharakisha kufunga, na mkewe yuko nyumbani akiharakisha kupika, kwa sababu jua likizama hakuna moto wala biashara. Mke ndiye niliyemtaka.

Nyumba yao iko barabara ya kwenda Rangwe, mabati mapya, ua umefagiliwa mpaka mchanga una mistari. Mkewe Nyanchoka, mama mfupi mwenye mikono ya kazi, alikuwa anaipua maharagwe. Nilipomsalimu kwa Kikisii akaniangalia upya.

“We ni wa kwa nani?”

Nikamtajia baba, nikamtajia kanisa letu. Basi, nikawa wa nyumbani. Nikamwita Mama Kezia kama majirani wanavyomwita, nikamsaidia kumenya viazi, na kabla viazi havijaisha nilikuwa na kikombe cha soya mkononi. Kwa mara ya kwanza maishani nikaifurahia.

“Niko na kampuni ya video Kisumu,” nikamwambia. Sikudanganya hata kidogo. “Nimeona kaseti zingine zimetengenezwa vizuri sana, mtu ametoa mambo mabaya. Kazi safi. Nikajiuliza, nani Homa Bay ana mkono kama huo?”

Uso wake ulifunguka kama dirisha.

“Ni mimi!”

“Wewe, Mama Kezia?”

“Mimi mwenyewe! Ulifikiri nani? Baba Kezia akileta kaseti yoyote, watoto hawaioni mpaka nimeisafisha. Kuja uone.”

Sebuleni palikuwa na deki mbili, moja juu ya nyingine, zimefunikwa kitambaa cha kusuka. Akanionyesha kama fundi cherehani anavyoonyesha mashine: hii inacheza, hii inakopi, na kidole kinakaa hapa kwa kitufe cha kusimamisha.

“Ujue si rahisi,” akasema. “Busu linakuja na dalili. Wakinyamaza tu, na muziki ukipungua, mimi niko tayari. Ni kama kungoja maziwa yafure.”

“Na hii mpya, ya Mama Apondi, umesafisha?”

“Eeh! Hiyo ilikuwa nzuri, karibu yote. Ilikuwa na busu moja. Halafu huyo mama, mtu mzima, anampa mtoto kamongo! Na chai, nyeusi kama lami! Mbele ya watoto!” Akatikisa kichwa. “Nikatoa.”

“Ukatoa mpaka wapi?”

“Mpaka mbwa.”

Nusura soya initoke puani.

“Naweza kuiona?”

Kaseti yake ilikuwa kwa droo, karatasi nyeupe, imeandikwa SAFI kwa mkono wake. Akaicheza. Mwana anaingia akilia. Mkono unafunua kifuniko nusu. Mstari mweupe mshazari, trrp. Mbwa anajilamba.

Mkono, mstari, mbwa. Nikatoa ile feki ya Masara kwa kiondo changu. “Mama Kezia, naomba tuweke na hii.”

Tukaiweka. Mkono, mstari, mbwa. Ulimi wa mbwa umefika pua pale pale.

“Hii ni yangu,” Nyanchoka akasema, akitabasamu bado. “Umeitoa wapi?”

“Masara. Kwa ukumbi wa wachimba dhahabu. Ziko nyingi, mama, zinauzwa mpaka Uriri.”

Tabasamu likaondoka polepole. Alikuwa mtu mwerevu, hakuhitaji nimchoree. Akaketi chini, mikono kwa mapaja.

“Na ni nani wanasema ameziuza?”

“Mzee Mahmud wa Migori. Jumapili atatajwa mbele ya watu.”

“Yule wa kikoi?” Akafunga macho. “Alinipa mwavuli siku ya mvua. Hata sikuurudisha.”

Alirudi jikoni akamaliza kupika, na mimi nikakaa sebuleni na kaseti mbili magotini, nikisikia sufuria zikiwekwa chini moja moja, kwa utaratibu, kama mtu anayepanga maneno.

Bichage aliingia jua likiwa linaelekea ziwani. Mrefu, suti ya kijivu, Biblia kwapani tayari. Aliponiona alinyoosha mkono kwa furaha.

“Ah, dada yetu wa Kisumu! Umemshika mtu wetu wa kikoi?”

“Nimemshika mtu wa kamongo, Bwana Bichage.”

“Wa nini?”

“Kaa chini kwanza. Kaseti uliyopewa na Oyaro iko wapi?”

“Dukani, kwa kabati ya kioo. Oyaro mwenyewe anapita kila siku anaiona. Haijatoka.”

“Naamini. Na ya pili?”

“Ya pili gani? Nilipewa moja.”

“Hii.” Nikainua iliyoandikwa SAFI.

Akacheka kidogo, cheko fupi. “Hiyo ni ya watoto tu. Mama Kezia anapenda kuchezacheza na hizo mashine.”

“Hii haijatoka nyumbani?”

“Kamwe.”

“Basi eleza hii.” Nikabonyeza. Mkono, mstari, mbwa. Nikabadilisha, nikabonyeza. Mkono, mstari, mbwa. “Ya kwanza imetoka kwa droo yako. Ya pili imetoka Masara. Nani mwingine Nyanza hii angemkata kamongo katikati ya kifuniko?”

Bichage alitazama ile TV. Niliona anahesabu njia za kutokea, na mlango mmoja akaujaribu.

“Labda imeibwa. Nyumba hii inaingia watu wengi. Wanakwaya—”

“Baba Kezia.”

Nyanchoka alikuwa mlangoni, anapangusa mikono kwa leso. Hakupaza sauti.

“Wewe ulinipa mkononi uliponirudishia. Ulisema umempelekea mgonjwa mmoja aitazame. Mimi nikamwombea huyo mgonjwa. Nimemwombea kila usiku.”

“Mama Kezia, mambo ya biashara huyajui.”

“Sijui. Jua ndilo ninajua.” Akaonyesha dirisha kwa kidevu. “Halijaingia bado. Usiniingize Sabato na uongo ndani ya nyumba, na chakula changu kiko tayari, na watoto wameoga. Sema sasa.”

Jamani, mimi nimesomea mbinu za kuhoji mtu. Nimefanyia mtihani, nikapita! Hakuna mwalimu aliyewahi kutufundisha kutumia jua. Bichage alitazama dirisha, akatazama mkewe, akatazama dirisha tena. Lile jua lilikuwa jekundu limegusa maji tayari, na linateremka huku tukiliona.

“Nilitaka Migori,” akasema. “Homa Bay ninayo. Nilitaka na Migori. Mahmud akiondoka, ningekuwa wakala wa pande zote mbili.”

“Kwa nini ulichukua kaseti iliyosafishwa?” nikamuuliza.

“Ile nzima Oyaro anaiangalia kwa kioo kila siku, ningeitoaje? Hii ilikuwa kwa droo. Nikaiangalia haraka haraka, nikaona busu halipo.” Akapitisha mkono usoni. “Nikafurahi. Nikasema hiyo peke yake inatosha, kila mtu atasema kikoi. Sikuangalia mambo ya jikoni. Nani anaangalia jikoni?”

“Masara nzima!” nikapiga makofi, sikuweza kujizuia. “Hiyo ndiyo sehemu wanalipia! Bwana Bichage, uliuza filamu bila ‘kula kwanza’! Lingebaki hilo neno moja hakuna mtu angelalamika, na mimi ningekuwa bado natafuta kikoi!”

Nyanchoka akanigeukia, ameshtuka. “Kwani hayo ni maneno ya watu?”

“Mama, ni maneno ya Nyanza yote.”

“Mimi sikujua. Kwetu hakukuwa na TV. Mimi niliona samaki tu.”

Simu yao ilikuwa juu ya rafu, chini ya kalenda ya kanisa. Nikamsogezea Bichage. “Oyaro kwanza.”

Akapiga. Alisema kwa sauti ya chini, lakini alisema yote, na jina lake akalitaja mwenyewe. Nilimsikia Oyaro upande ule, mzee wa watu, akipaza sauti: “Yawa, Bichage! Na mimi nilitaka kumuaibisha Mahmud wa watu!” Akaniitisha. Akaniambia Jumapili Mahmud ndiye atakaa mbele kabisa kando yake, na yeye Oyaro ndiye atabonyeza kitufe. Na kituo cha polisi atakwenda yeye mwenyewe kusafisha hilo jina.

“Sasa Migori,” nikasema.

Hiyo namba ilimchukua muda mrefu zaidi. Shamima alishika. Nikasikia, “Baba! Baba, ni Homa Bay!” na viatu vikikimbia.

“Mzee Mahmud,” Bichage akasema. Akameza mate. “Haikuwa wewe. Ni mimi.”

Nilinyakua simu kwa sikio langu kabla sijakosa kitu. Mzee hakupiga kelele wala kutukana. Alivuta pumzi moja ndefu, ya mtu anayetua gunia alilobeba mbali.

“Alhamdulillahi,” akasema. “Joyline, wanisikia? Ni yule samaki?”

“Ni yeye, Mzee!”

“Sura yake sasa yanipendeza.”

Nyuma yake Shamima alipiga kigelegele mpaka simu ikalia kama filimbi, na nikasikia vijana wa ukumbini wameingia, wanauliza kuna nini, na wakaambiwa, na ghafla Migori yote ilikuwa ndani ya ile simu: “Kikoi! Kikoi! Kikoi!” Mimi pia nikapiga kelele nao. Niko sebuleni kwa watu, na mwenye nyumba ameinamisha kichwa, lakini ningefanya nini?

Nilipoweka simu chini ndipo lile wazo likanijia. Nilizitazama zile deki mbili chini ya kitambaa. Mashine moja inakopi kaseti moja kwa wakati mmoja, na filamu yote lazima iishe. Masara, Uriri, na nyingine nilisikia ziko sokoni Migori. Hizi deki mbili zingekopi mpaka zitoe moshi, zisingefika hata nusu.

“Bwana Bichage,” nikasema. “Hukukopi wewe. Uliipelekea mtu mwenye mashine nyingi. Ni nani?”

Alifungua mdomo. Mimi nikasogea mbele mpaka karibu nianguke kwenye kiti.

Nyanchoka akawasha taa. Dirishani ziwa lilikuwa limeshakuwa la rangi ya majivu, na juu yake hakukuwa na jua hata kipande. Watoto waliingia mmoja mmoja, miguu safi, wakaketi, na Kezia mkubwa wao akafungua kitabu cha nyimbo.

“Ni nani?” nikanong’ona. “Jina tu!”

Nyanchoka aliniwekea sahani magotini, maharagwe na viazi nilivyomenya mwenyewe.

“Kula kwanza,” akaniambia.

“Utalia baadaye!” watoto wote, ambao kaseti yao haina maneno hayo, wakamalizia kwa pamoja, na mama yao akageuka polepole sana kumtazama mumewe.

Bichage alilaza Biblia magotini, na kwa mara ya kwanza tangu aingie, uso wake ulikuwa wa mtu aliyepumzika.

“Sabato imeingia, dada,” akasema. “Lala hapa na Kezia. Kesho jua likizama tu, utanikuta kwa kiti hiki, na nitakuambia huyo mwingine.”